Lebo ya Mkaguzi Itabandikwa Wapi?

Chumba cha seva ninachokijua zaidi hapa Kisumu kiko ghorofa ya pili, upande unaopigwa na jua la alasiri. Mna mashine saba, na kila moja ina mwenyewe: ya uhasibu, ya rekodi, ya barua pepe, mbili za miradi ambayo wafadhili wake walishaenda zao. Kiyoyozi hakizimwi, mchana wala usiku.

Mashine za namna hii, kila moja na kazi yake moja, mara nyingi hutumia chini ya asilimia 15 ya uwezo wake. Ubaya ni kwamba seva iliyokaa bure huweza kula hata nusu ya stima inayokula ikiwa na kazi tele. Hapo ndipo wapenzi wa seva pepe wanapopata nguvu. Programu iitwayo hipavaiza huigawa mashine moja iwe kama nyingi, kila moja na mfumo wake; hizo ndizo seva pepe. Seva saba za wati 200 humaliza uniti 33.6 kwa siku. Zihamishie kwenye mbili za wati 350, unabaki na 16.8, na kiyoyozi bado hujakihesabu.

Wapo wanaobisha kwa hoja ya mazingira. Karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutoka vyanzo safi, mvuke wa ardhini wa Olkaria ukiwa mbele, kule kaunti ya Nakuru. Sasa unaokoa hewa gani? Tena ukinunua mashine mpya, viwanda vilivyoziunda vimeshachafua, na zile kuukuu zitaishia jalalani. Hoja ya pili naikubali: ongeza memori kwenye mbili zilizo bora kati ya hizo saba kabla hujaagiza mpya. Ya kwanza inasahau jenereta. Stima ikipotea tunachoma dizeli, na joto la Kisumu halisubiri.

Ila kilichotukwamisha karibu mwaka mzima hakikuwa wati. Seva ya mradi ilikuwa na lebo ya mfadhili, na rejista ya mali ilitaka ionekane kwa macho. "Mkaguzi akija," mhasibu wa mradi aliuliza, "hiyo seva pepe nitamwonyesha wapi?" Tulicheka, kisha tukagundua hakuna mwenye jibu. Zaidi ya hayo, bili ya stima hulipwa na idara ya utawala. Watu wa kompyuta hawajawahi hata kuiona, basi nani ajisumbue kuipunguza?

Pesa nazo zina mtego wake. Kampuni ya Broadcom ilipoinunua VMware, watengenezaji wa hipavaiza, mwishoni mwa 2023, leseni za kununua mara moja ziliondolewa, ikawa ni kulipia muhula kwa muhula. KVM, hipavaiza ya bure, imo ndani ya mfumo wa Linux tangu 2007, na Proxmox, programu ya kusimamia seva pepe inayoitumia, haidai kulipiwa leseni. Bure hiyo, hata hivyo, inahitaji fundi anayeijua. Sisi tunaye mmoja, na Nairobi wanamtaka.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni la abiria wote kupanda mtumbwi mmoja. Zamani seva ya barua pepe ikifa, uhasibu uliendelea. Sasa mashine moja ikiungua, ofisi nzima inakaa ikitazamana. Kwa hiyo ziwe mbili, kila moja iweze kubeba kazi muhimu za mwenzake, na bakapu ikae jengo lingine. Meneja anayenunua moja tu kwa kubana matumizi, afadhali abaki na saba zake.

Sisi tulihama hatimaye. Kwenye rejista iliandikwa "sehemu ya mashine namba 2", lakini seva ya mradi tuliiacha kwenye rafu, imezimwa, lebo ikiwa kifuani. Mkaguzi alipokuja aliipiga picha, akashukuru, akaondoka.