Umeme wa Matebe na makala (makaa ya kupikia) ya Virunga: hii mikataba inamsaidia nani?

Watu wa Goma tukisikia mashirika yamesaini ushirikiano mpya juu ya klima na maendeleo, wengi wetu tunacheka kidogo, juu tumeona mabango mengi kuliko miti. Lakini tusitupe vyote, kuko mambo yenye yalifanyika kweli. Matebe kule Rutshuru kwa mfano: ICCN (shirika la serikali lenye kuchunga maparke), Fondation Virunga, Umoja wa Ulaya na fondation ya Howard G. Buffett waliingia kazi moja, na toka mwisho wa 2015 kuko kituo cha umeme wa maji cha megawati 13 hivi. Umeme ukafika mpaka hapa mjini, mashini za kusaga zenye zilikuwa zinakula mazutu (dizeli) zikahamia kwa umeme, vijana wakafungua ateliye za kuchomelea vyuma. Serikali peke yake ingefanya lini? Usinijibu.

Hesabu yao ilikuwa rahisi: ukipatia watu umeme na kazi, wataacha kukata miti ya parke ya Virunga na kuichoma makala. Kwa kazi nakubali. Kwa makala hapana, na sababu iko jikoni. Ingia kwa nyumba yenye kashi pawa (mita ya umeme wa kulipa mbele): taa inawaka, simu ziko kwa chaji, televizio inaongea, alafu maharagi iko inje juu ya mbabula, jiko la makala, kwa sababu maharagi inataka masaa na resho, jiko la umeme, inakula yunite zote za wiki, mama hawezi kufanya hiyo na watoto wanangoja feza ya shule. Kwa hiyo umeme ulichukua nafasi ya petroli na mazutu, makala ikabaki mahali pake. Na wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya, hapa karibu na Goma, waliokuwa wanakata kuni ndani ya parke, wao hata nguzo hawakuwa nayo.

Tena kitu kikubwa chenye kinatoka mahali pamoja kinavunjika mara moja. Januari 2025 vita ilipofika Goma laini zilikatwa, pompi zikasimama, watu wakashuka na bido kuteka maji ya ziwa. Siseme ni kosa la wenye kujenga, hapana, lakini mpango wa klima wa huku kwetu usiohesabu vita ni mpango wa nchi ingine.

Na mshirika mwenye anashangaza zaidi ni Kinshasa. Novemba 2021 kule Glasgow serikali ilisaini na CAFI, mfuko wa wafadhili wa misitu ya Afrika ya Kati, mkataba wa dola milioni 500 kwa kulinda misitu, Julai 2022 serikali ileile ikaweka vitalu vya petroli kwa mnada, vingine vinaingia ndani ya Virunga! Mnada ulikuja kufutwa Oktoba 2024, sawa, lakini upande wa Kinshasa pia kuko neno: wazungu walichimba yao wakatajirika, sisi tunaambiwa tulinde hewa ya dunia yote kwa ahadi. Hapo mimi siwezi kuwabishia sana, ninabisha tu kwamba feza ya petroli ingefika kwa watu wa vijijini huku kwetu, kama Kibumba.

Mimi nikipima, ninaona mpango wenye haupigiwi sana kelele njo ulikuwa na akili: EcoMakala ya WWF, shirika la kulinda mazingira, yenye ilianza 2007. Mkulima anapanda miti kwa shamba lake, inakuwa yake, akiivuna anachoma makala na kuuza Goma. Mradi ukifunga, mti haufungi nao, na huyu mkulima ana kitu cha kupoteza akizembea, tofauti na mwenye ofisi anayebadilisha tu mfadhili. Ila na hapo kuko shimo: asiye na shamba hapandi, na hapa Kivu wasio na shamba njo wengi na njo wanaoingia parke usiku. Mwenye hekta anasaidiwa, mwenye jembe peke yake anakimbizwa na garde, mlinzi wa parke.

Sasa kuko Couloir Vert, eneo kubwa la kulinda misitu kutoka Kivu mpaka Kinshasa, kilometa mraba zaidi ya 540,000, raisi Tshisekedi aliitangaza Davos mwezi uleule Goma ilipoanguka. Ulaya iko ndani, na wengine watakuja. Kabla ya kupiga makofi mimi ningeomba karatasi moja tu: ile inayosema nani atakuwa mwenye miti na mwenye laini za umeme siku wafadhili wakirudi kwao, na huyu asiye na shamba amewekwa ukurasa gani.