Mwizi Ana Adabu Kuliko Kompyuta

Arusha hii, mgeni akishuka stendi akauliza njia, anaelekezwa kwa saa. Nenda Mnara wa Saa. Ukifika Mnara wa Saa pinda. Ukiuona Mnara wa Saa uko nyuma yako, umepitiliza. Ofisi yetu iko ghorofani, hatua chache kutoka hapo hapo, na mezani kwangu pana kompyuta ambayo wiki tatu nzima ilikuwa haijui huu ni mwaka gani. Ila hilo nilikuja kulijua baadaye, nikiwa nimeshasemwa vya kutosha.

Kwanza mnijue. Kampuni yetu inapeleka wageni mbugani. Ukisikia kampuni usishtuke. Ni Land Cruiser mbili, moja inatembea. Ni Mama mwenye mali, dereva mmoja na nusu, kwa sababu wa pili ni wa msimu, na mimi: mhasibu, karani, mpokea simu na mchemsha chai. Wageni wetu hawapigi simu, wanaandika barua pepe. Mtu yuko Uholanzi anauliza kama simba wa Ngorongoro wanaweza kuingia kwenye hema, na kama hilo hema lina maji ya moto. Anataka jibu kabla hajalala. Ukichelewa, ofisi kumi za mji huu zimeshamjibu.

Basi Jumatatu moja ya Julai, ile baridi ya kuvaa koti juu ya koti, umeme ukakatika saa tatu ukarudi saa nne. Nikawasha. Programu ya barua pepe ikawaza, ikawaza, kikachomoza kijisanduku chenye Kiingereza kingi. Nikakibofya oke. Ndiyo tabia yangu, kijisanduku kikizidi maneno matano nakubali yaishe. Kikaondoka, halafu mashine ikaniandikia hivi: 0x800CCC0E.

Basi. Hayo ndiyo maelezo. Hakuna samahani, hakuna habari za asubuhi. Nikainakili kwenye karatasi, nikampa dereva aisome, maana yeye ana macho ya porini.

"Kaka, hii namba si ya hapa," akasema. "Ya hapa ikianza na sifuri inafuata sita au saba. Labda Malawi."

Kuanzia hapo kila mtu akawa daktari. Mama akasema nimeimwagia chai. Jirani wa stesheneri ya chini akasema bando limeisha, nikamwonyesha bando bado lipo, akasema basi ni hali ya hewa. Shemeji yangu kwa simu kutoka Moshi akasema zima, hesabu mpaka thelathini, washa. Nikahesabu mpaka thelathini, nikahesabu mpaka mia, nikachomoa hata waya wa ukutani kwa kukomesha ubishi. Kumbe kila nikichomoa waya ndiyo naizidishia ugonjwa, lakini nani angeniambia.

Siku ya tatu akaja chalii mmoja, fundi, ana kofia imegeuzwa nyuma na fleshi shingoni kama kitambulisho cha kazi. Shikamoo mzee, marahaba, hata kukaa hajakaa. "Mzee, hii tunapiga window." Yaani anafuta kila kilichomo, anaweka Windows upya.

Hawa vijana dawa yao ni moja. Kompyuta nzito, tunapiga window. Printa haitoi, tunapiga window. Nadhani hata mke akinuna wanapiga window. Nikamuuliza, na barua zangu za tangu 2014, za wageni, za kambi, za madeni, zitakwenda wapi? Akasema zipo tu kwenye mtandao, mzee, zinarudi zenyewe.

Hapo nilimshukuru Mungu kwamba nimewahi kutumwa posta. Ziko namna mbili za kuchukua barua pepe. Ile ya zamani inaitwa POP: ni kama mtu anayekwenda na ufunguo wake kwenye S.L.P., anazoa barua zote, anaondoka nazo nyumbani, sanduku linabaki tupu, isipokuwa umemwagiza aache nakala. Ile nyingine ni IMAP: unasomea pale pale, barua zinabaki posta, na hata ukisomea kwenye simu unazikuta. Kompyuta yetu ilifungwa kwa POP na mtu ambaye siku hizi yuko Dodoma. Kwa hiyo miaka yote hiyo imo ndani ya faili moja kubwa kwenye hiyo mashine. Angepiga window bila kulinakili, ningebaki na historia ya kampuni kuanzia saa sita mchana.

Nikamwambia basi linakili kwanza. Akavua fleshi shingoni, akaichomeka.

Mnaijua fleshi ya fundi. Imelala stesheneri zote kuanzia Ngarenaro mpaka Sakina. Dakika mbili, kila folda iliyomo ikawa na kamshale kadogo pembeni. Folda zenyewe hazionekani, zilizobaki ni vivuli vyake, na ukibofya kivuli unamwamsha kirusi anayeambukiza folda nyingine. Bahati yetu antivirasi ilikurupuka ikapiga kelele, na mimi sikubofya. Faili zilikuwa hazijafutwa, zimefichwa tu, unazionyesha kwa kuruhusu vilivyofichwa vionekane. Lakini mtu akuletee kunguni na godoro, halafu akudai elfu ishirini ya usafi? Nikampa tano ya nauli, tena ya bodaboda, wakati kifodi kinapita mlangoni.

Kabla hajashuka ngazi akanipa na rambirambi: Windows 10 yangu muda wake wa matengenezo ya kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine kwa uzee wake haipokei 11. Kwa hiyo tunazeeka pamoja.

Siku zote hizo Mama alikuwa anazisoma barua kwenye simu yake na kunipa kwa mdomo. Siku ya sita akapanda ngazi anahema kwa furaha. "Mhasibu, wewe unahangaika na mafundi, wenyewe hawa hapa wameeleza tatizo!"

Nikavaa miwani. Barua inasema: Mpendwa Mteja, sanduku lako la barua limejaa na litafungwa baada ya saa 24. Pole kwa usumbufu. Tafadhali bofya hapa, uthibitishe neno lako la siri.

Ndugu zangu, niliguswa. Siku sita mashine niliyoifuta vumbi mwenyewe inaniita 0x800CCC0E, leo kuna mtu ananiita mpendwa, ananipa pole na ananiambia tafadhali. Huyu mwizi kalelewa na mama. Kama angekuwa na hitilafu kweli ningemwajiri.

Mama akataka pasiwedi aiandike. Nikainua kibodi, ndipo ninapoiweka, karatasi imelowa chai, haisomeki. Hapo tulipona, sitawadanganya kwamba nilikuwa na akili. Si kwamba ilikuwa pasiwedi ya maana. Mtaa huu nusu yao ni yanga1935 na nusu ni simba1936, mwizi akishajua rangi ya jezi yako amemaliza kazi. Ila wakati tunabishana dereva akatoa swali la porini: "Kama limejaa, hii barua ya kusema limejaa imeingiaje?"

Tukatazamana.

Wiki ya tatu nilikuwa nimekata tamaa. Natembea Barabara ya Sokoine, nikasimama kwa mzee mmoja fundi saa, mwenye kile kisanduku cha kioo na lenzi jichoni. Nilitaka kubadilisha mkanda tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekufa lini?"

"Saa ni nzima. Aliyekufa ni kompyuta ya ofisi. Barua haziingii hazitoki, kila umeme ukikatika."

Hakuinua kichwa. "Ukiiwasha inaonyesha tarehe ngapi?"

Nikataka kucheka, halafu nikakumbuka. Wiki ya kwanza nilimchapia mgeni wa mlangoni ankara, ikatoka imeandikwa 1 Januari 2009. Mgeni akasema kama ni hivyo nitozeni na bei ya 2009. Tulicheka wote, nikasahihisha kwa kalamu, nikajiambia ni baridi.

"Inarudi hapo hapo kila umeme ukikatika?" Akafungua droo, akatoa kibetri bapa kama sarafu. CR2032, volti 3. "Ndani yake kuna saa, nayo inakula hiki umeme ukiwa haupo. Kikifa, inaanza kuhesabu upya. Elfu mbili."

Nilikwenda nikaifungua mashine kwa bisibisi ya gari. Vumbi lililotoka humo ungelipandia mchicha. Kibetri cha zamani kimekaa katikati ya ubao mkuu kama kidonge kilichosahauliwa, nikakibinua kwa ukucha, kipya kikaingia kwa sauti ya tik. Nikawasha, nikarekebisha tarehe. Barua zikaanza kushuka. Mia mbili na kumi na nne. Nikakaa nazitazama kama mtu anayetazama mvua baada ya ukame.

Maelezo yake, mkiyataka: seva ya barua kabla ya kuongea na wewe inakuonyesha cheti chake, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mashine yangu ipo 2009, inaletewa cheti cha juzi, inasema hiki bado hakijaanza, huyu tapeli, inafunga mlango. Sasa linaloniuma ni hili. Kile kijisanduku cha Kiingereza kingi, nilipokuja kukisoma kwa utulivu, kilikuwa kinasema maneno hayo hayo: cheti kimeisha muda au bado hakijaanza. Wiki tatu kinaniambia, wiki tatu nabofya oke. Hili Mama halijui, na mkikutana naye msimwambie.

Katika hizo mia mbili na kumi na nne, barua za wageni zilikuwa kama arobaini. Nyingine zote ni upole mtupu. Mpendwa. Rafiki. Mheshimiwa. Moja ina kiambatanisho, ankara, kina hata picha ya karatasi. Siku hizi nimeiamuru Windows inionyeshe mkia wa jina la kila faili, maana yenyewe ina tabia ya kuuficha, na hapo ndipo wanapochezea. Nikaona: ankara.pdf.exe. Huo mkia wa mwisho, wa programu inayojiendesha ukiibofya, ndio mnyama mwenyewe, hizo pdf ni ngozi ya kondoo. Ujanja wa zamani huo. Mei 2000 kuna kirusi kilitoka Ufilipino kikaingia mamilioni ya kompyuta duniani kwa barua yenye kichwa ILOVEYOU, na kiambatanisho chake kilionekana kama maandishi ya kawaida, kumbe mkia wa .vbs umefichwa. Mwaka ule nilikuwa kapera, nasoma barua kwenye kafe ya intaneti kwa kulipia nusu saa. Ingenifikia ningeifungua. Ningeichapa kabisa, nikaiweka chini ya mto.

Ile ya mwisho ndiyo ilitaka kutuua. Imetoka kwa kambi tunayolaza wageni miaka yote. Mpendwa mshirika, kutokana na ukaguzi, akaunti yetu ya benki imebadilika, malipo ya wageni wa Agosti tumeni kwenye hii mpya. Mama alishaiona kwenye simu yake, ambako jina la mtumaji linaonekana na anwani haionekani. Akaniamuru nilipe kabla ya saa tisa, benki isije ikafungwa.

Mimi jamani ni Mtanzania. Kuna mwenzangu humu ambaye hajawahi kupata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Ya meseji tunaijua, unaipeleka 15040, namba ya kuripoti matapeli, unaendelea na ugali. Hii imevaa tai na inaongea Kiingereza, lakini ni ile ile. Nikasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Jina la ile kambi lina m katikati. Kwenye anwani ile hapakuwa na m. Palikuwa na r na n zimebanana, kama watu wawili waliojifunika shuka moja.

Nikachukua daftari la zamani, nikapiga namba iliyoandikwa kwa mkono wangu. Dada wa kambini akasema akaunti ni ile ile, na kwamba sisi ni wa tatu kupiga wiki hiyo.

Nikashuka kwa Mama kifua mbele. Nikamweleza: fedha za wageni wanane zimepona, barua zimerudi, historia ya kampuni ipo, na fundi wa elfu ishirini hakuhitajika, ni kibetri tu nilichonunua kwa fedha yangu.

"Hiyo simu ya kambini umepiga na vocha ya ofisi?"

"Ndiyo Mama."

"Na hicho kibetri unadai urudishiwe?"

"Elfu mbili tu, Mama."

"Lete risiti ya EFD."

Mama, yule ni mzee ana kisanduku cha kioo na kigoda. Droo yake haina hata kalamu. Akasema sheria ni sheria, na nisimletee karatasi za mkono, nipige picha nimtumie kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu.

Nimepanda ngazi kuiandika. Umeme umekatika.