Bakora Ilibaki Ukumbini, Mimi Nikatoka

Kwa kuwa rafiki yangu mmoja ameshaituma picha ya bakora katika makundi yasiyopungua matatu ya WhatsApp, na kwa kuwa jana msikitini mzee nisiyemjua alinishika mkono na kuniuliza kama mimi ndiye yule wa sekunde tano, nimeona ni afadhali habari hii muisome kwangu mwenyewe kuliko kuendelea kuisikia kwa mtu ambaye, kila anapoisimulia, huniongezea machozi na magoti.

Ni kweli kwamba usiku wa Ijumaa, tarehe 15 Machi 2024, nilikuwa Washington kutazama nusu fainali ya mpira wa kikapu ya ACC, ligi mojawapo ya vyuo vya Marekani. Ni kweli nilikuwa na mkwe wangu, na ni kweli tulitoka mapema. Si kweli kwamba nililia. Habari ya magoti tutaifikia.

Mkwe wangu ni mzee wa Mombasa aliyefanya kazi katika bandari ya Kilindini mpaka alipostaafu, na amekuja kwetu Silver Spring, karibu na Washington, kumtazama binti yake, ambaye ndiye mke wangu, na mwanawe kitinda mimba anayesomea uhandisi katika chuo cha NC State huko Raleigh. Kwa sababu ya kijana huyo nyumba yetu nzima imevaa nyekundu, na kwa sababu ya nyumba kuvaa nyekundu mimi nimejipa cheo cha mchambuzi. Wanaonifuata hapa kwa muda mrefu wanajua kwamba cheo hicho sikupewa na mtu.

Msimu wenyewe ulikuwa wa huzuni. NC State walicheza michezo 20 ya ligi, wakashinda 9 na kupoteza 11, na minne ya mwisho walipoteza yote mfululizo, wakamaliza nafasi ya 10 kati ya vyuo 15, huku jirani zao wa North Carolina wakiongoza kwa ushindi wa michezo 17 na kupoteza mitatu tu. Ndipo nilipoandika katika kundi letu, kwa herufi kubwa, kwamba timu imeshakufa na kilichobaki ni kununua sanda. Ujumbe huo bado upo. Rafiki yangu huubandika tena kila baada ya saa chache.

Niliuandika kwa hesabu, si kwa chuki. Katika mashindano ya mtoano yanayofuata ligi, wanne wa juu hupumzika mpaka Alhamisi, lakini wa 10 huanza Jumanne, na akitaka kombe ni lazima ashinde michezo mitano kwa siku tano, jambo ambalo mpaka wakati huo hakuna timu ya ACC iliyokuwa imewahi kulifanya. Jumanne wakawafunga Louisville. Jumatano wakawafunga Syracuse kwa pointi 83 kwa 65. Alhamisi wakawafunga Duke, 74 kwa 69, nami alfajiri ya Ijumaa, wakati wa daku, nilikuwa nimeshasahau kabisa kwamba ni mimi niliyeagiza sanda. Nilimwambia mkwe wangu: "Baba, leo nakupeleka ukashuhudie historia."

Njiani, ndani ya treni ya mstari mwekundu, nilimsomesha. Nilimweleza kwamba timu hii haijachukua kombe la ACC tangu mwaka 1987. Nilimweleza kuhusu Mohamed Diarra, kijana kutoka Ufaransa anayecheza huku amefunga Ramadhani kama sisi, na mzee akafurahi sana, akasema mtoto huyo apewe mpira kila mara. Kisha, Mungu anisamehe, nikamsimulia fainali ya taifa ya mwaka 1983, jinsi NC State walivyowafunga Houston ya Hakeem Olajuwon, Mnigeria, pointi 54 kwa 52, kwa kikapu kilichoingia saa ikiwa inakata roho. Nilinyanyua kidole mbele ya abiria wote na kusema: "Baba, kwa watu hawa mchezo hauishi mpaka uishe." Naomba mlikumbuke neno hili, kwa sababu mzee amelikumbuka.

Tulifuturu kwenye viti, kwa tende zilizokuwa katika mfuko wa koti lake na maji tuliyonunua kwa bei ambayo sitaitaja nisije nikawavunjia wengine swaumu. North Carolina walimaliza kazi yao na Pittsburgh, kisha wakaingia wetu kucheza na Virginia. Mkwe wangu, akiwa na kanzu, koti, kofia na bakora yake ya mpingo ameilaza chini ya kiti, alimwona DJ Burns, yule jitu la mkono wa kushoto lenye miguu myepesi kama ya mwali anayecheza, akasema: "Huyu si mchezaji, huyu ni tishali." Kuanzia hapo kila Burns alipopokea mpira karibu na kikapu, mzee alisema kwa sauti ya kazini, "Tia nanga!" na vijana waliokuwa mbele yetu, bila kujua maana yake, wakaanza kulirudia.

Rafiki yangu alikuwa amekaa safu ya nyuma yetu. Kumbukeni hilo pia.

Zilipobaki kama dakika moja, Virginia wakiwa mbele, niliangalia saa na kuona kwamba usiku wa manane unakaribia, nikawaza umati utakavyojazana katika kituo cha Gallery Place, nikawaza daku, nikainuka. "Baba, twende zetu. Imekwisha." Mzee akaniangalia kama mtu aliyeambiwa meli imeshapakuliwa hali anaona makasha bado yamo. "Imekwisha kwa nani? Mbona ile saa bado inaandika?" Nikamweleza kwamba saa ya mpira huu huenda kwa taratibu zake, kwamba watafanyiana madhambi, watapiga mitupo, na hesabu haitabadilika, kwa kuwa nautazama mchezo huu kwa miaka 12. Rafiki yangu akaniita kutoka nyuma, akasema, "Bwana, kaa." Nikamjibu kwa mkono, ule mkono wa kufukuza nzi. Mkwe wangu ni mgeni, na mgeni huwa hamvunji mwenyeji wake. Akanipa mkono wake wa kulia, nikamwongoza kushuka ngazi.

Sasa nendeni nami polepole, maana hapa ndipo nilipofia.

Dakika moja ya mpira wa kikapu wa vyuo ni ndefu kuliko foleni ya kivuko cha Likoni. Tulipita ukumbi wa nje, tukawapita wauza vinywaji wakifunga mabanda yao, tukafika kwenye mlango wa kioo wa kutokea barabarani. Juu ya mlango palikuwa na televisheni. Nilisimama, nikatazama, na nasema wazi kwamba niliona kila kitu: Virginia 58, NC State 55, zimebaki sekunde 5.3, na Isaac McKneely wa Virginia amesimama kwenye mstari kupiga mtupo wa adhabu, ule ambao ukiingia ndipo mtu hupewa wa pili. Mzee naye akasimama. Akasema kwa upole kabisa, "Ngoja, mwanangu, niuone huu mmoja." Mmoja! Mzee wa watu alikuwa ameomba mtupo mmoja.

Bawabu akatuambia, kwa adabu na kwa sauti ya kusikika, kwamba tukitoka hatutaweza kurudi. Alisema mara mbili. Nilimshukuru mara zote mbili. Nikausukuma mlango kwa nyonga, kama mtu anayetoka jikoni na sinia, nikamvuta mkwe wangu, tukawa nje. Mlango ukarudi polepole, ukagusa fremu, ukasema *kati*.

Mlio ule mdogo ndio ninaousikia kila ninapofumba macho.

Kilichotokea ndani nimekitazama baadaye kwenye simu zaidi ya mara mia, kwa hiyo naweza kukisimulia kama shahidi ingawa sikuwa shahidi. McKneely alikosa. NC State wakauokota mpira, akapewa Michael O'Connell, ambaye alikimbia nao mpaka mbele na, saa ikiwa inaishia, akaurusha kutoka mbali kama mtu anayetupa ndoo ya maji machafu. Mpira ukagonga ubao. Ukadunda kwenye chuma. Ukafikiri. Ukaingia. Hamsini na nane kwa hamsini na nane.

Mimi, kwa upande wangu, katika sekunde hizo hizo tano, nilikuwa nimeshika simu natafuta treni ya kurudi Silver Spring, na nikamwambia mkwe wangu maneno haya, ambayo ameshayapeleka mpaka Mombasa: "Baba, umeona jinsi tulivyowahi? Hakuna foleni kabisa."

Ndipo jengo likapiga kelele. Sisemi watu, nasema jengo. Kioo cha mlango kilitetemeka, njiwa wakaruka, na bawabu yule yule akageuka kuitazama televisheni akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili. Mkwe wangu hakugeuka. Alibaki akinitazama mimi. Kisha akauteremsha mkono wake wa kulia taratibu, akafumba kiganja, akafumbua, akafumba tena, akasema: "Bakora yangu."

Nilikuwa nimemshika mkono ule ambao kwa kawaida hushika bakora. Bakora ilikuwa chini ya kiti, safu ileile, inangoja muda wa nyongeza.

Haya, magoti. Niligonga kioo. Bawabu akafungua kadiri ya upana wa uso, nami nikaanza kueleza kwamba mzee huyu hawezi kwenda bila fimbo yake, kwamba fimbo hiyo ni kama dawa, na kwamba tungeingia dakika tano tu, ambazo kwa bahati zilikuwa ndizo dakika za muda wa nyongeza. Akanijibu kwamba vitu vilivyosahaulika huulizwa kesho. Wakati huo mkwe wangu, mgonjwa niliyekuwa nikimwombea, alikuwa ameondoka peke yake kwa hatua za askari, amefika dirisha la pili na kurudi, akitafuta mahali pa kuiona televisheni vizuri. Bawabu akamtazama yeye, akanitazama mimi, akafunga mlango. Mlango ulibana ncha ya kiatu changu, na mtu hawezi kuchomoa kiatu mlangoni bila kuinama. Hilo lilikuwa goti moja. Rafiki yangu anasema mawili, naye hakuwepo. Alikuwa ndani, kwenye kiti alichoniambia nikae.

Tuliutazama muda wa nyongeza kupitia kioo, na mgongo wa bawabu ulikuwa katikati. Mkwe wangu ananizidi kimo kwa kichwa kizima, kwa hiyo yeye aliona. Nilimwuliza, "Baba, ngapi ngapi?" Akasema, "Si umesema imekwisha?" Nikakaa kimya. Baadaye kidogo nikasikia akisema chini kwa chini, "Tia nanga," nikajua Burns ameupata.

Walishinda 73 kwa 65.

Watu walipoanza kumwagika nje wakiimba, nilimwona rafiki yangu akitokea katikati ya vijana wenye mashati mekundu, ameinyanyua bakora juu kwa mikono miwili kama mtu anayemtangulia liwali, na vijana wakiitikia. Alikuwa ameshaipiga picha: viti viwili vitupu, bakora imelazwa juu yake kwa heshima, na nyuma yake umati mzima uko hewani. Chini yake aliandika kwamba katika ukoo wetu ni bakora pekee iliyoutazama mchezo mpaka mwisho. Shemeji yangu wa Raleigh alikuwa ameshaipokea kabla hatujafika kituoni, ambako, nawaambia ukweli wote leo, tulikuta foleni.

Jumamosi ilikuwa fainali na North Carolina, na tiketi hatukuwa nazo. Mkwe wangu alikaa mbele ya televisheni na bakora mapajani. Walipopata 84 kwa 76, kombe la kwanza baada ya miaka 37, Burns akatangazwa mchezaji bora wa mashindano, wakakata nyavu za kikapu kama ilivyo ada ya washindi, yakaja matangazo ya sabuni, yakaja ya magari, naye hajainuka. Mke wangu alipomwuliza kama amemaliza ili aondoe sinia, alisema haamini mtu wa nyumba hii.

Alhamisi watacheza na Texas Tech huko Pittsburgh, katika mashindano ya taifa. Nimeombwa na familia nisitoe uchambuzi.

Jana magharibi tulikaa kufuturu. Simu ikaadhini, nikanyoosha mkono kuchukua tende, na bakora ikaja taratibu kutoka upande wa pili wa mkeka, ikatua juu ya kifundo cha mkono wangu.

"Tulia, mwanangu," akasema mkwe wangu, masikio ameyategea simu. "Acha kwanza amalize huyo. Wewe nakujua."