Ufa wa chasisi: kwanza tuulize umetoka wapi

Pikapu ya zamani ikipasuka chasisi, ushauri huja wa aina mbili. Wapo watakaokwambia uende kwa fundi wa kuchomelea, kwa kuwa Hilux na Land Cruiser zenye viraka chini zinaendelea kupiga kazi kila kona ya nchi. Wapo watakaosema chasisi ikishapasuka haiaminiki tena: tafuta nyingine ya mtumba, au gari likatwe liuzwe vipuri. Nimesikiliza pande zote, na naona zinaruka hatua moja kubwa. Kabla ya kuamua la kufanya na ufa, sharti tujue umesababishwa na nini, maana nyufa mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kudai maamuzi yanayopingana kabisa.

Chasisi ya pikapu ni mihimili miwili mirefu iliyoshikwa pamoja na vyuma vya kukingama. Gari likibeba mzigo, kila gurudumu linapoingia kwenye shimo mihimili hiyo hupinda kidogo na kurudi. Ikipinda na kurudi mara nyingi mno kwa miaka mingi, chuma huchoka, na huanza kuachia pale panapobeba nguvu nyingi mahali padogo: kwenye tundu, kwenye riveti, kwenye kona. Ndiyo sababu nyufa nyingi hukutwa kwenye vishikio vya springi, au nyuma kidogo ya kebini, pale bodi ya mizigo inapoanzia.

Mzigo ndio unaoharakisha uchovu huo. Hilux ya kazi imetengenezwa kubeba takribani tani moja, watu wakiwa wamehesabiwa humo. Gunia kumi za kilo mia mia zinaimaliza tani hiyo kabla dereva hajapanda. Zikiwa gunia za lumbesa, hesabu imeshapita mbali. Na hapa mwenye gari hufanya jambo linaloonekana la busara: anaongeza pati za springi ili nyuma isilale. Nyuma hailali kweli, lakini chasisi ni ileile. Springi zilizokazwa hivyo hazimezi tena mshtuko. Zinaukabidhi kwa mhimili. Ukijaza mzigo hadi upite nyuma ya ekseli, kama yafanyavyo magari ya mboga yanayoshuka milimani, umeweka nguvu palepale chasisi inapopenda kupasukia.

Kwa ufa wa namna hii, kwenye chuma kizima kisicho na kutu, mimi niko upande wa wanaochomelea. Lakini naunga mkono uchomeleaji wenyewe, siyo ule wa kupitisha moto juu ya mstari na kupaka rangi. Kazi ya kweli huanza kwa kutoa mzigo na kuinua gari kwenye stendi mpaka ufa usivutwe wala kubanwa, kisha kupima kwa futi kutoka kona hadi kona kuhakikisha chasisi haijapinda. Mabomba ya breki na ya mafuta huondolewa njiani, na tenki pia likiwa karibu. Betri hufunguliwa, maana umeme wa mashine unaweza kuunguza altaneta na kompyuta ya gari. Rangi husuguliwa hadi chuma king'ae, ncha za ufa zitafutwe, na kila ncha itobolewe tundu dogo la mviringo ili ufa usiendelee kukimbia. Ufa wenyewe huchimbwa kwa grinda uwe na umbo la V, moto upate kushika hadi ndani, halafu mshono husawazishwa kabla ya kuongezewa kiraka.

Kwenye kiraka ndiko wapinzani wana hoja nzito, na naipokea. Moto wa kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma kilicho pembeni mwa mshono, na pale ndipo ufa mpya huzaliwa. Fundi akikata bati nene la mraba akalichomelea kwa mstari wa wima, atakuwa amehamisha tatizo sentimita chache tu, kwa sababu sehemu ile sasa haipindi kabisa na chuma cha jirani kinapindia mahali pamoja. Kiraka kizuri kina unene unaolingana na chasisi, na ncha zake zimechongwa kama almasi ili nguvu ipite taratibu. Mishono haikatizi mbavu za juu na za chini za mhimili. Vijiti vya kuchomelea vyenyewe viwe vikavu, hasa vile vya aina ya 7018, vinavyoharibika vikivuta unyevu. Wasiwasi wa wapinzani ni kwamba mwenye gari hawezi kuyajua yote haya kwa kutazama mshono uliokwisha kupakwa rangi. Ni kweli. Jibu langu ni kwamba asimame pale kazi inapofanyika.

Wanaosema chasisi isichomelewe kamwe, hata hivyo, wanavuka mpaka. Uingereza, kwenye ukaguzi wa usalama wa magari uitwao MOT, chasisi iliyochomelewa inakubalika. Sharti ni kwamba kiraka kilicho karibu na vishikio vya springi, usukani au breki kiwe kimechomelewa mfululizo.

Kutu ni kesi nyingine kabisa. Pikapu iliyobeba samaki na barafu miaka mingi, maji ya chumvi yakichuruzika kwenye mihimili, huoza kuanzia ndani. Ukiona ufa, gonga kwa nyundo kuzunguka pale. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu au hutoboka. Hapo hakuna cha kuchomelea, kwa kuwa mshono una nguvu sawa na chuma unachoshika. Mwaka 2008 Toyota ilikabili jambo hili Marekani kwa pikapu zake za Tacoma za 1995 hadi 2000: iliongeza dhamana ya kutu hadi miaka 15, na zilizooza vibaya ikazinunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Kiwanda chenye kila mtambo kiliona heri kununua magari hayo. Kiraka cha gereji hakiwezi kuokoa chasisi ya hali hiyo.

Kubadilisha chasisi nako kuna mitego. Chasisi ya mtumba ina historia yake, igongwe kwa nyundo vilevile. Tena namba imepigwa juu ya chuma hicho, na ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari. Ukifunga nyingine bila kupata kibali kwanza, unajitafutia kesi ya gari la wizi. Ukijumlisha gharama ya kuinua kebini na injini, gari lililooza mara nyingi lina faida zaidi likiuzwa vipuri.

Kigezo changu cha mwisho ni nani hupanda. Pikapu ya shambani yenye kiraka safi, iliyorudishiwa springi zake za asili na mzigo wa tani yake, naikubali. Inayobeba abiria nyuma kwenye mteremko mkali siikubali, hata fundi awe hodari vipi, labda chasisi yake iwe imekaguliwa na mtu asiyelipwa na mwenye gari. Na kiraka kipakwe rangi nyeupe, siyo lami wala oili chafu: ufa mpya ukianza, mstari wa kutu utaonekana ukiinama tu.