Heathcliff wa Riwaya na Heathcliff wa Mazoea

Kila inapotoka filamu mpya ya Wuthering Heights, riwaya ambayo Emily Brontë aliichapisha mwaka 1847 kwa jina la kubuni la Ellis Bell, watazamaji hulalamika kwamba kitabu kimeharibiwa. Malalamiko hayo nayaheshimu, lakini nikiyasikiliza kwa makini naona kwamba wengi hawaipimi filamu kwa kitabu. Wanaipima kwa filamu nyingine, ile ya William Wyler ya mwaka 1939, ambayo imejenga picha ya hadithi hii hata kwa wasiowahi kuitazama.

Filamu hiyo ndiyo iliyomfanya Heathcliff, mtoto wa kuokotwa aliyelelewa na familia ya Earnshaw na aliyeigizwa na Laurence Olivier, kuwa mpenzi aliyevunjwa moyo anayestahili kuliliwa, na ili hilo liwezekane ilibidi sehemu ya pili ya riwaya iachwe. Kitabuni, Catherine Earnshaw, binti wa familia hiyo ambaye Heathcliff anampenda, anafariki karibu na katikati. Kurasa zinazofuata zinamwonyesha Heathcliff akimnyima Hareton elimu kama yeye alivyonyimwa na Hindley, kaka yake Catherine na baba yake Hareton. Akimfungia binti wa Catherine nyumbani mpaka aolewe na Linton, mwana mgonjwa wa Heathcliff. Na akijitwalia mali za familia zote mbili, ya Earnshaw na ya Linton. Usiku anapomtorosha Isabella, dada wa mume wa Catherine, mbwa mdogo wa mwanamke huyo anakutwa ametundikwa kwa leso. Aliyeyasoma hayo hawezi kuniambia kwamba hii ni hadithi tamu ya mapenzi. Hata mizuka ya Heathcliff na Catherine inayotembea pamoja mwishoni mwa filamu iliwekwa kwa sababu mtayarishaji, Samuel Goldwyn, aliitaka, huku Wyler akiikataa. Brontë aliiacha iwe uvumi wa wanakijiji tu.

Kuhusu rangi ya Heathcliff, watazamaji wamevutana pande mbili. Andrea Arnold alipompa nafasi hiyo James Howson, mwigizaji mweusi, katika filamu yake ya mwaka 2011, wapo walioona kwamba siasa za leo zinalazimishwa ndani ya kitabu cha kale. Emerald Fennell alipomchagua Jacob Elordi kwa filamu ya mwaka 2026, lawama zikageuka, kwamba Heathcliff amefanywa mzungu tena. Mimi nakubaliana na kundi la pili. Mzee Earnshaw anamwokota mtoto huyo katika mitaa ya Liverpool, bandari iliyotajirika kwa biashara ya watumwa, na mzee Linton, baba yake Isabella, anapomwona kwa mara ya kwanza anadhani huenda ni mtoto wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, au Mmarekani, au Mhispania aliyetupwa ufukweni. Asili yake haitajwi kamwe, ila ugeni wake unatajwa tena na tena, na ndio unaowapa wengine kisingizio cha kumdharau. Akifanana na kila aliyeketi naye mezani, ukatili wa Hindley unabaki kuwa wivu wa kawaida wa ndugu, na kisasi chote kinachofuata kinapoteza mzizi. (Tena, katika filamu ya 1939 mwenye asili ya Asia alikuwa Merle Oberon, aliyeigiza Catherine, alizaliwa Bombay na kuuficha ukweli huo maisha yake yote, akidai ametoka Tasmania.)

Hata hivyo, siwezi kumsifu Arnold kwa kila kitu, maana yeye pia aliwaacha watoto wa kizazi cha pili, na waliogombana juu ya ngozi ya Howson hawakulipigia kelele pengo hilo. Anayedai uaminifu kwa kitabu angeanza hapo, kwa kuwa ni Hareton na Cathy mdogo, binti wa Catherine anayemfundisha kusoma, ndio wanaoikata ile laana ya nyumba mbili.

Peter Kosminsky alijaribu mwaka 1992: aliwaweka watoto wale, akampa Juliette Binoche nafasi ya mama na ya binti pia, huku Ralph Fiennes akiwa Heathcliff mwenye chuki ya kutisha kweli. Wanaolalamika ningewaelekeza kwenye filamu hiyo kwanza, ingawa vizazi viwili vimebanwa ndani ya muda usiofika saa mbili na kizazi cha pili kinapita mbiombio. Ndiyo maana naona riwaya hii inafaa zaidi kuwa tamthilia ya televisheni ya vipindi kadhaa, mradi mwongozaji asiogope kumwacha Heathcliff achukiwe.