Rasimu isomwe kabla haijawa RFC

Ndugu mwandishi, umeandika kwamba viwango vya intaneti "hupangwa na wakubwa", fundi wa Mbeya kazi yake kupokea. Hapana. IETF, jumuiya inayoandika viwango hivyo, haina uanachama. Rasimu ya kikundi kazi, kabla haijachapishwa kuwa RFC (waraka wake rasmi), ikifika mwito wa mwisho wa maoni hupewa kwa kawaida wiki 2, na yeyote mwenye baruapepe anatoa maoni.

Sarufi waachie wahariri. Anza na MUST (lazima) na SHOULD (inapasa) (wana Mbeya, si chuo chetu kikuu cha MUST, ni maneno yaliyopewa maana na RFC 2119 ya mwaka 1997). Rasimu ikisema "kifaa kisubiri kidogo kabla ya kutuma tena", mmoja ataweka sekunde 1, mwingine 5. Mvua ikipiga linki ya redio ya Uyole kwenda Tukuyu, wa kwanza anatuma tena wakati jibu bado liko njiani. Dai namba.

Kisha piga hesabu ya pakiti (vifurushi vya data): njia ikibeba pakiti za hadi baiti 1500, na data ukaifungia ndani ya pakiti ya IPv6 (toleo la 6 la itifaki ya intaneti), kichwa chake kinakula 40, zinabaki 1460. Isiposemwa nani anakata pakiti kubwa, pingi (pakiti ndogo za kupima linki) zinapita vizuri huku kurasa zinaganda, na fundi anahangaika na antena bure.

Taja kifungu, tatizo na maneno mbadala. "Haieleweki" tupu haimsaidii mtu. RFC ikishatoka haiguswi tena. Utabaki kuripoti makosa pembeni au kusubiri RFC nyingine.