Viinitete Vilivyopanga Foleni

Siku ya tano, alfajiri, nilimwamsha mke wangu. "Mama Neema, viinitete vimetoka!"

"Vimetoka kwenda wapi?"

Nilikuwa naotesha viinitete vya mhogo, yaani vimimea vichanga kabisa vinavyochomoza kwenye jani bila mbegu, kwenye kabati la vyombo, hapa hapa Pasua, Moshi, ndani ya chupa 20 za jemu. Kazi niliifanya kwa adabu: nusu lita ya maji ya betri (yale safi yasiyo na chumvi, si tindikali), gramu 2.2 za unga wa Murashige na Skoog (chumvi za kulishia mimea chupani), gramu 10 za sukari (nimeichota jikoni, kesi yake bado inaendelea), miligramu 6 za pikloramu (homoni ya kulichochea jani lizae viinitete), pH (kipimo cha uchachu) 5.8, halafu gramu 4 za agari ya kugandisha iwe jeli. Nikagawa mililita 25 kila chupa, nikapika kwenye presha kuka dakika 20. Majani ya mhogo nilichuma yale ya kileleni, milimita 3 hadi 5, maana jani lililokomaa hata ulibembeleze halirudi utotoni. Spiriti ya asilimia 70 dakika moja, Jik iliyozimuliwa dakika 15, suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa kwenye presha, chupani, gizani.

Na sasa juu ya jeli kulikuwa na vidoa vyeupe vinavyong'aa, kila kimoja kama kichwa cha pini, vimenyooka mstari kama wanafunzi wa paredi. Nikampigia rafiki yangu wa Arusha, fundi wa tishu, yaani wa kuotesha mimea chupani. Jumamosi akaja na Kosta. Nyama ilishakuwa jikoni.

Aliinua chupa dirishani, akafungua, akanusa. Togwa iliyochacha.

"Kaka, kiinitete cha mhogo kinataka wiki tatu, nne, na kinachomoza kwenye jani lenyewe. Hivi vyako mbona vinatembea?"

"Vinatembea?"

"Hatua, hatua, hatua. Hizi ni nyayo za sisimizi. Kila alipokanyaga kapanda bakteria."

Nikakumbuka vifuniko. Ukiingiza chupa kwenye presha unavilegeza, mvuke upite, zikipoa unakaza. Mimi baada ya kupanda nilienda kulala.

Mama Neema akaleta kopo lake la sukari, lililokaa rafu hiyo hiyo. Hamna hata sisimizi mmoja. Wote walikuwa wamehamia kwenye jeli ya pikloramu.

"Na hii?" Rafiki yangu alishika chupa ya 20. "Jani lake liko wapi?"

Hiyo niliiacha bila jani makusudi, kupima usafi. Ndiyo iliyozaa kuliko zote.